Kadari na Maji Yaliyokatiza Njia

Mvua kubwa ikinyesha usiku katika Milima ya Uluguru, watu wa Pwani huweza kuyapata maji yake kesho yake au keshokutwa, mchana kweupe, jua likiwaka. Mto Ruvu hushuka kutoka milimani huko, ukatambaa katika nchi tambarare na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Wami hukusanya maji ya mbali zaidi, ya upande wa Dodoma na ya milima ya Ukaguru na Nguru, na kuyamwaga baharini upande wa Saadani. Chalinze imekaa kati ya mito hiyo miwili, pale barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro inapoachana na ile ya Segera, Tanga na Arusha. Anayetoka Dar es Salaam huvuka Ruvu kabla hajafika. Anayeendelea kaskazini huvuka Wami baada ya kuipita Msata. Daraja jipya la Wami, lenye urefu wa zaidi ya mita 500, limeondoa hofu ya miaka mingi iliyoletwa na lile jembamba la zamani. Shida iliyobaki iko kwenye makorongo na vijito vya barabara za vumbi ziendazo Kibindu, Talawanda na Miono, ambako njia hupita juu ya kalavati au daraja mfuto, na masika yakikolea maji nayo hupita juu ya njia.

Hapo huzuka swali ambalo kwa watu wengi ni la dini kabla halijawa la usafiri. Gari limesimama ukingoni, maji yanapita kwa kasi, abiria wana haraka na dereva anasita. Kutoka kiti cha nyuma inasikika sauti ikisema kwamba Mungu yupo, twende, siku ya mtu ikifika imefika. Je, anayesimama amepungukiwa na imani? Na anayevuka kwa kulitaja jina la Mungu ametawakali, au amemjaribu Mungu? Wanazuoni wa dini zote mbili zinazofuatwa na wakazi wengi wa Pwani wamelijadili swali hilo kwa karne nyingi, na jibu lao ni kali kuliko wanavyodhani wengi wanaolitumia jina la Mungu kando ya maji.

Maji yenyewe yajulikane kwanza. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, na gari linapozama hadi juu ya sakafu, maji hulinyanyua kwa uzito wa kiasi kilichosukumwa pembeni. Hiace ya abiria ina upana wa karibu mita 1.7 na urefu wa karibu mita 4.7. Kila sentimita 10 za maji zinazoongezeka juu ya sakafu yake huipunguzia uzito wa karibu kilo 800, mpaka maji yapate nafasi ya kuingia ndani. Matairi yaliyokuwa yameishika barabara kwa uzito wa gari zima sasa yanaigusa tu. Kisha kuna msukumo wa ubavuni, ambao hukua kwa mraba wa kasi: mkondo ukienda mbio mara 2, husukuma mara 4. Ndiyo maana wataalamu wa uokoaji hufundisha kwamba sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 kuelesha gari dogo, na sentimita 60 kuyachukua magari mengi, yakiwemo yale makubwa yanayosifiwa kwa nguvu. Uzito wa shehena na ustadi wa dereva havibadilishi sana hesabu hii.

Linaloonekana ukingoni ni uso wa kahawia wenye povu, na kijiti kinachopita upesi kikizunguka. Lisiloonekana ni kama njia bado ipo. Maji yanayoruka juu ya daraja mfuto huanguka upande wa pili na kuchimba. Hutafuna udongo chini ya zege kidogo kidogo hadi zege libaki likining'inia, huku juu yake maji yakitiririka vilevile kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakazi wa kando ya makorongo wana njia yao ya kupima. Huchomeka kijiti kwenye tope pale maji yanapoishia, wakakaa kando wakisubiri. Kijiti kikizamishwa, maji yanapanda, hata kama mvua imekatika hapo na anga ni safi. Nguzo fupi zilizopakwa rangi kwenye kingo za daraja zikiwa zimefunikwa, hakuna tena anayejua ukingo uko wapi, na dereva anayeingia anaendesha kwa kumbukumbu.

Imani inayosema kwamba siku ikifika imefika haistahili kudharauliwa. Imewafaa watu wa mwambao katika bahari, njaa na maradhi. Mwislamu anafundishwa kwamba kuamini kadari, ya heri na ya shari, ni nguzo ya imani. Mkristo anafundishwa kwamba hata shomoro haanguki chini bila Mungu kujua. Mwenye imani hiyo halali macho kwa hofu ya kesho, na msiba ukimpata hajioni ametupwa. Hakuna sharti la usalama barabarani linaloweza kuchukua nafasi ya utulivu huo. Tatizo linaanza pale imani iliyokusudiwa kumpa mtu moyo wa kustahimili yaliyokwisha kupita inapogeuzwa kuwa ushauri kuhusu jambo ambalo bado liko mikononi mwake.

Kisa kinachotajwa sana katika mlango huu ni cha Khalifa Umar bin al-Khattab. Karibu mwaka 639, akiwa safarini kuelekea Sham, alifika mahali paitwapo Sargh na makamanda wake wakamletea habari kwamba tauni imeenea mbele. Akataka shauri, wakubwa wakagawanyika, mwishowe akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida bin al-Jarrah, sahaba aliyemheshimu sana, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar alisikitika kwamba swali hilo limetoka kwa mtu kama Abu Ubaida, kisha akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeshuka bonde lenye pande mbili, moja ya malisho na moja kavu: upande wowote atakaochagua, atakuwa amechunga kwa kadari ya Mungu. Baadaye Abdulrahman bin Auf alileta hadithi ya Mtume iliyoafiki uamuzi huo. Mjadala wa ukingoni mwa korongo unapata hapa sehemu kubwa ya jibu lake. Anayedhani kwamba kadari iko ng'ambo ya maji tu, na kwamba kugeuza gari ni kuitoroka, ameipunguza kadari yenyewe. Kugeuza nako kumeandikwa.

Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi. Katika sehemu ya Ihya Ulum al-Din inayohusu tauhidi na tawakali, aliyagawa mambo ambayo mtu hutumia kujiletea faida au kujikinga na madhara katika daraja tatu. Kuna yale ambayo matokeo yake ni yakini, kama kunyoosha mkono kukichukua chakula kilicho mbele. Mwenye njaa anayekataa kunyoosha mkono akingoja Mungu amshibishe hana tawakali, ana wazimu. Kuna yale ya dhana yenye nguvu, kama kubeba masurufu ya safari ya jangwani. Na kuna yale ya kuwazia tu, kama kutegemea makago, ambayo kuyaacha ndiko kunakolingana na tawakali. Anapofika kwenye kujikinga na madhara, hatoi mfano wa mbali. Anasema si katika sharti la tawakali mtu kulala katika nchi ya wanyama wakali, wala katika mapito ya mafuriko bondeni, wala chini ya ukuta ulioinama. Yote hayo yamekatazwa, na anayefanya hivyo amejitia katika maangamizi pasi na faida. Mapito ya mafuriko bondeni: alikuwa akiandika kwa watu wa nchi kame, ambako bonde hukaa vumbi miezi mingi na kujaa kwa saa moja. Mkwere au Mzigua aliyekulia kando ya korongo angemwelewa bila mfasiri.

Jambo la maana katika mpango wa Ghazali ni kwamba tawakali haipimwi kwa wingi wa hatari anayoiingia mtu. Inapimwa kwa moyo kumtegemea nani baada ya mkono kufanya kazi yake. Dereva anayegeuza gari akiamini kwamba Mungu ndiye aliyemsalimisha ametawakali. Dereva anayeingia majini akitegemea injini ya dizeli, urefu wa matairi na uzoefu wa miaka, huku mdomo wake ukisema Bismillahi, huenda moyo wake uko kwenye injini.

Fiqhi ya Kishafii, ambayo Waislamu wengi wa mwambao huifuata, imeliweka jambo hili katika sheria ya safari waziwazi. Minhaj ya Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi katika mwambao. Katika mlango wa hija kinaeleza kwamba anayelazimika kwenda Makka kwa njia ya bahari, kwa kauli yenye nguvu zaidi, inamwajibikia kupanda chombo iwapo usalama ndio unaotarajiwa zaidi. Usalama usipotarajiwa, wajibu huo humwondokea. Hija ni nguzo ya Uislamu, nayo inasimama kando kwa sababu ya mawimbi. Sembuse safari ya kuwahi mnada, harusi au zamu ya kazi. Swala nayo ina nafasi yake. Imepokewa kwamba Ibn Abbas, siku ya Ijumaa yenye mvua, alimwamuru mwadhini aache wito wa kuja kwenye swala na badala yake awatangazie watu waswali majumbani mwao. Waliosikia wakashangaa, akawaeleza kwamba hayo aliyafanya aliye bora kuliko yeye, na kwamba hakupenda kuwatoa wakanyage tope na utelezi. Tope tu lilitosha kuubadilisha wito wa msikitini. Hii ni hoja ambayo maimamu wa Chalinze, Lugoba na Msata wangeweza kuitoa kila masika inapoanza, nayo ingesikilizwa kuliko kibao cha barabarani.

Ukristo, uliofika upande huu na wamisionari wa Roho Mtakatifu walioweka kituo Bagamoyo mwaka 1868 na kisha kusogea bara hadi Mandera, unalijibu swali kwa kisa cha majaribu. Shetani anampandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe chini, akimnukulia Maandiko yanayoahidi kwamba malaika watamdaka. Hakuna anayeweza kusema kwamba ahadi ile ilikuwa ya uongo. Yesu anakataa kwa sababu kuitumia ahadi hivyo ni kumjaribu Mungu. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifafanua kwamba mtu humjaribu Mungu anapoacha kufanya lililo katika uwezo wake ili aone kama Mungu atamwokoa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakuhesabu kumjaribu Mungu kuwa ni dhambi dhidi ya amri ya kwanza, na katika maelezo ya amri ya tano inawatia hatiani wale ambao kwa ulevi au kupenda mwendo wa kasi wanahatarisha maisha yao na ya wenzao barabarani, baharini au angani. Amri mbili kati ya 10 zinamhusu mtu aliyeshika usukani.

Kufikia hapa hukumu ya jumla ni nyepesi. Ugumu uko kwenye kipimo. Wanazuoni wanasema hatari ya yakini iepukwe na ya kuwazia ipuuzwe, lakini maji yaliyo mbele ya gari hayajaandikwa daraja lake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hujaribu kuyaandika kabla: hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kila hatua na rangi yake, kuanzia manjano, machungwa hadi nyekundu. Mpango huo unakaribiana kwa namna ya kushangaza na ngazi za Ghazali, maana nao unapanga wajibu wa mtu kufuata uzito wa dhana. Utabiri unaweza kukosea. Wapo wanaoupuuza kwa hoja kwamba ghaibu anaijua Mungu peke yake, na kauli hiyo ni kweli. Lakini anayesoma mawingu, upepo na joto la bahari hadai ghaibu, kama nahodha wa jahazi asivyodai ghaibu anapoingoja kaskazi itulie ndipo atweke tanga. Sheria haikuhitaji yakini. Imamu al-Nawawi alitumia kipimo cha kinachotarajiwa zaidi, na tahadhari ya rangi ya machungwa inatosha kukitimiza.

Nchi za theluji zimelichunguza tatizo la kipimo kuliko nchi nyingine zozote, kwa sababu huko hatari inafanana sana na hii. Theluji nzito ikianguka mlimani, siku ya kuogopwa ni ile inayofuata, anga likiwa la buluu na kila mtu akitamani kutoka. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 hukaa kimya ukiwa umebeba tabaka lisiloshikana, na katika ajali nyingi sana aliyelifungua tabaka hilo ni mwathirika mwenyewe au mwenzake wa msafara. Mtafiti Ian McCammon alipitia ajali zaidi ya 700 za maporomoko ya theluji nchini Marekani, akitaka kujua kwa nini watu waliofunzwa, wenye vifaa na waliokuwa wakiziona dalili waliingia. Alikuta wengi waliongozwa na njia za mkato za akili: mahali pamezoeleka, wengine wameshapita, kiongozi anajua, tumekwisha amua kufika, hatutaki kuonekana waoga.

Orodha hiyo haihitaji theluji. Dereva amevuka korongo lilelile mara nyingi masika zilizopita. Fuso limevuka nusu saa iliyopita, nalo linaonekana ng'ambo. Kondakta anasema huyu dereva ni mzoefu, asifundishwe. Wamebakiza kilomita chache. Mwanamume aliyeomba ashuke anachekwa. Hapo ndipo jina la Mungu linapoingia, na linaingia likiwa la mwisho, baada ya uamuzi kwisha kufanywa na haraka, aibu na mazoea. Linaufunika uamuzi ambao halikuufanya. Huu ndio ubaya mkubwa wa kauli ya kiti cha nyuma, na ni ubaya wa kidini hasa: jina la Mungu linatumika kufunga mjadala ambao Mungu mwenyewe, kwa mafundisho ya wanazuoni waliotajwa, ameamuru uendelee.

Matokeo huzidisha upofu. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya na wageni waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye maji yaliyofunika daraja, likapinduka. Watu zaidi ya 30 wakafa, wengine wakitazama kutoka ukingoni bila kuweza kusaidia. Tarehe 9 Aprili 2024, katika barabara ya Garissa kwenda Nairobi, basi lingine liliingia kwenye barabara iliyofunikwa na mafuriko likakwama na kuinama. Abiria 51 wakaokolewa. Kwa yaliyotokea, mabasi hayo yako mbali kama mauti na uhai. Kwa uamuzi wa kuingia, hayako mbali hata kidogo. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilizungumza jambo hili mwaka 1976, wakihoji kwa nini watu humlaumu mtu kwa lile ambalo bahati imeliongeza juu ya tendo lake. Kwa mwenye imani, kinachoitwa bahati hapo ni rehema. Na rehema haimaanishi kwamba tendo lilikuwa sahihi. Aliyevuka salama anarudi kijiweni akiwa shahidi wa kwamba inawezekana, na ushahidi wake huwavuta watakaofuata, kwa kuwa waliosombwa hawarudi kutoa ushahidi wao.

Kuna tofauti pia kati ya mtu na wale aliowabeba. Ghazali aliwaruhusu watu wa daraja ya juu, walioizoeza nafsi njaa na wakaridhika, kusafiri bila masurufu. Lakini mwenye familia hakumruhusu kuilazimisha familia yake subira aliyoichagua yeye. Tawakali ya mtu haihamishiki kwa mwingine bila ridhaa. Dereva wa bodaboda aliyepakia mama na mtoto mgongoni, dereva wa basi lenye watu 60, dereva wa gari la shule, hawa wote wanashika amana. Tarehe 12 Aprili 2024 jijini Arusha, gari la wanafunzi lilisombwa na maji katika korongo asubuhi, na watoto wakafa. Mtoto wa shule hana nafasi ya kutawakali wala kukataa. Popote penye abiria wasioweza kuchagua, hata hatari ndogo inakuwa nzito, na dereva anayeamua peke yake amejitwalia mamlaka ambayo dini haikumpa.

Lawama yote, hata hivyo, haiwezi kupelekwa kwenye usukani. Mkulima wa bonde la Ruvu analima bondeni kwa sababu udongo wa mafuriko ndio unaozaa, na mjamzito wa kijiji cha ndani atavushwa masika kwa sababu hospitali iko ng'ambo. Kwake yeye kusubiri nako ni hatari, na fiqhi iliyotajwa hapo juu inamtambua: hatari mbili zikikutana, huchukuliwa iliyo nyepesi. Aliyemweka katika hali hiyo ni aliyeacha korongo bila daraja. Kukata miti kwa mkaa na kuacha vilima wazi huongeza kasi ya maji yanayoshuka, na hilo ni tendo la watu, wauzaji na wanunuzi, mpaka jijini. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule wa El Niño zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236, na zaidi ya watu 200,000 wameathirika. Kuiita jumla yote hiyo kazi ya Mungu ni kumsingizia Mungu bajeti ya barabara.

Wapo wafu ambao hakuna la kuwauliza. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji jirani, na watu wakakutwa majumbani mwao alfajiri. Hawakuwa wamevuka kitu. Kwa ndugu zao, na hata kwa ndugu wa dereva aliyekosea, maneno ya kadari ndiyo yanayofaa na yanayoponya: kwamba walirejea kwa Mola wao, kwamba saa yao haikuwa siri kwake, kwamba kilio hakitawarudisha. Anayekwenda matangani kumhesabia mfiwa makosa ya marehemu amekosa adabu na amekosa dini. Lakini wiki mbili baadaye, katika kikao cha kijiji au cha wamiliki wa magari, maneno yaleyale yakitumika kuzuia kuuliza nani aliruhusu gari lipite, yamekuwa kinga ya mzembe. Imani ya kadari humtaka mtu aridhike na lililopita, haimtaki asilichunguze. Umar mwenyewe, kabla ya kugeuza, aliita watu na kuwahoji makundi kwa makundi.

Basi masika ijayo, kati ya Mbwewe na Kibindu au popote maji yatakapokuwa yamekatiza njia, dereva na ashuke achomeke kijiti, na asipokiona kina wala kingo, ageuze. Abiria wasimwambie twende. Anayetaka kushuka ashuke bila kuchekwa, na anayetaka kuomba dua aombe akiwa upande huu wa maji. Imamu na padri walitaje jambo hili mimbarani na altareni kabla ya Machi kwisha, kwa majina ya makorongo ya parokia na mitaa yao wenyewe. Maji ya korongo dogo hupungua kwa saa chache mvua ya juu ikikatika.